Hodi Isiyoitikiwa: Kadi ya Mtandao Inapoonekana Imekufa Kumbe Haisikiki

Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, alinunua laptopu ya mtumba. Kila alipoiwasha, waifai ilishika vizuri. Baada ya nusu saa hivi mtandao ulianza kuwa mzito, kurasa zikawa zinajikokota, mwisho ukawa hautumiki kabisa. Alama ya waifai ilibaki pale pale kwenye kona ya skrini, imejaa. Simu yake, kwenye ruta ileile, ilikuwa inacheza video bila shida.

Fundi wa kwanza akasema kadi ya mtandao imeungua. Mwalimu akalipia nyingine, na baada ya siku mbili ugonjwa ukarudi uleule. Fundi wa pili akasema tatizo ni Windows, akaifuta na kuweka Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Ugonjwa ukabaki. Wa tatu akamwambia, "Mwalimu, hapa IRQ zimegongana," lakini alipoulizwa maana yake hakuweza kueleza.

Huyu wa tatu alikuwa amekaribia ukweli kuliko wenzake. Neno alilolitaja huzunguka sana midomoni mwa mafundi, na wateja hulipishwa kwa ajili yake bila kuelewa wanacholipia. Ninaamini kila mtu anayetumia kompyuta anaweza kulielewa, na akishalielewa hatanunua kadi ya pili kabla ya kuikagua ya kwanza.

Katizo ni nini

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Mafundi husema intarapti, kwa Kiswahili tuseme katizo. Wengi wakisikia katizo wanafikiri ni kule kukatika kwa mtandao. Sivyo. Katizo ni ishara ambayo kifaa humtumia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kumwambia: acha kidogo unachofanya, nina jambo. Kompyuta yako inapokea makatizo maelfu kwa maelfu wakati unasoma makala haya, na ndiyo maana inafanya kazi. Bila makatizo, kibodi ingebonyezwa na herufi isitokee.

Fikiria mama yuko jikoni anasonga ugali, na anamngoja mgeni. Anaweza kuacha mwiko kila baada ya dakika moja aende mlangoni kuchungulia. Akifanya hivyo ugali utaungua, na huenda mgeni asitokee mpaka jioni. Au anaweza kuendelea na ugali wake mpaka asikie "Hodi!" Hapo atapunguza moto, ataweka mwiko pembeni, ataenda kufungua na kumkaribisha mgeni, kisha atarudi kwenye sufuria pale pale alipoachia.

Prosesa ndiye mama, kadi ya mtandao ndiye mgeni, na katizo ndiyo hodi. Kadi inapopokea fungu la data kutoka kwenye ruta, huliweka yenyewe kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mahali ilipoelekezwa, halafu hubisha. Prosesa huacha kazi na kuiita draiva, yaani ile programu ndogo inayojua tabia za kadi hiyo. Draiva huiuliza kadi: ni wewe uliyebisha? Una nini? Ikishachukua mzigo, huiambia kadi kwamba imesikika, na prosesa hurudi kwenye kazi yake. Yote haya huisha ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

Sasa angalia mambo yanavyoweza kuharibika. Hodi inaweza kupigwa isisikike. Inaweza kusikika ikakosa wa kuitikia. Inaweza pia kupigwa mfululizo bila kukoma hata mama asipate nafasi ya kusonga ugali. Matatizo ya makatizo kwenye kadi ya mtandao karibu yote yanaingia kwenye hizo tatu, na katika zote kadi yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Nyumba moja, kengele moja

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na njia 8 tu za kupitishia makatizo. Mwaka 1984 likaja toleo la AT lenye njia 15 zinazotumika. Kila njia ina namba yake, na namba hiyo ndiyo IRQ unayoiona kwenye skrini. Saa ya ndani ilichukua namba 0, kibodi namba 1, diski nazo zikachukua zao. Zilizobaki ziligombewa na kadi ya sauti, kadi ya mtandao, printa na wengine.

Enzi hizo kugongana kulikuwa kugongana kweli. Kadi ya mtandao ya aina ya NE2000 mara nyingi ilitoka kiwandani ikiwa kwenye namba 3, na namba 3 ndiyo iliyokuwa ya tundu la pili la mawasiliano, lile la COM2. Fundi alifungua kasha, akahamisha jampa, kile kijiplastiki cha kuchagulia namba, kwa ncha ya vidole, akafunga, akajaribu tena. Msemo wa "IRQ zimegongana" ulizaliwa huko.

Miaka ya 1990 ukaja PCI, mfumo wa kuunganishia kadi na vifaa ndani ya kompyuta, ambao tangu mwanzo uliundwa ili vifaa vichangie njia moja. Hapa mfano mzuri ni nyumba ya kupanga: vyumba sita, mlango mkubwa mmoja, kengele moja. Kengele ikilia, mpangaji wa kwanza anatoka kuangalia. "Si mgeni wangu," anarudi ndani. Wa pili vilevile. Wa tatu anasema, "Huyu wangu, karibu." Utaratibu huu unafanya kazi vizuri kwa masharti mawili: kila mpangaji awe mwaminifu wa kutoka kuangalia, na mgeni aache kubonyeza kengele akishapokelewa.

Kwa hiyo ukiona kadi ya mtandao na tundu la USB viko kwenye namba moja, usishtuke. Kuchangia namba si kosa. Kosa huanza pale mpangaji mmoja anapokuwa na mgeni mkorofi. Kifaa fulani kinabonyeza kengele na kuishikilia, wapangaji wote wanatoka, kila mmoja anasema si wake. Mgeni haondoi kidole. Wapangaji wanatoka tena, na tena, mara maelfu kwa sekunde.

Linux ina dawa kali kwa hali hiyo. Kila yanapofika makatizo 100,000 kwenye njia moja, inaangalia mangapi yalipata mwenyewe. Kama zaidi ya 99,900 hayakuitikiwa na mtu, inaing'oa kengele. Kwenye daftari la matukio ya mfumo inaandika "nobody cared", yaani hakuna aliyejali, na chini yake inataja namba ya njia iliyofungwa. Tangu hapo wapangaji wote wa njia hiyo, wakiwemo wasio na hatia, hawasikii tena hodi za wageni wao. Mfumo unabaki kuchungulia mlangoni mara chache tu kwa sekunde. Ndiyo maana mtandao huwa mzito sana kabla mtu hajakata tamaa nao.

Mfumo mpya zaidi uliondoa kengele ya pamoja. Kifaa humtumia prosesa ujumbe wake chenyewe, kama mgeni anayekupigia simu mkononi badala ya kubisha mlango wa wote. Mfumo huo unaitwa MSI, na umekuwa sehemu ya vifaa vya PCI Express, ambavyo ndivyo vilivyo kwenye karibu laptopu zote za leo. Kwenye Windows, kifaa kinachotumia ujumbe huu huweza kuonyeshwa na namba ya ajabu, hasi au ndefu ya tarakimu kumi. Nimeona watu wakiambiwa kwamba namba hiyo ni dalili ya virusi. Hiyo ni namba ya kawaida ya MSI, na kama ipo, kadi yako ina njia yake yenyewe.

Hata hivyo MSI nayo ina udhaifu wake. Laptopu ikilala na kuamka, draiva inapaswa kuikumbusha kadi ujumbe wake utumwe wapi. Draiva mbovu husahau. Kadi inaamka, inapokea data, inatuma ujumbe mahali pasipo na mtu. Kama mtandao wako hufa kila baada ya kufunga na kufungua kifuniko, na hurudi ukiristati, anza kuwa na shaka hapo.

Taa inawaka, kwa nini data haipiti?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na ni la haki. Kebo imechomekwa, taa ya kijani inawaka, ya njano inapepesa, lakini kompyuta inasema haina intaneti. Watu wanahitimisha kwamba tatizo ni la kampuni ya mtandao, au bando limeisha.

Taa zile ni kazi ya kadi yenyewe. Kadi na ruta zinaweza kukubaliana kasi, zikapokeana salamu, taa ikawaka, bila prosesa kujua chochote. Ni sawa na mgeni aliyefika barazani na kukaa. Majirani wote wanamwona, isipokuwa mama aliye jikoni.

Dalili moja inayosaidia: kompyuta huweza kutuma ikashindwa kupokea. Inaomba anwani kutoka kwenye ruta, jibu linafika kwenye kadi, lakini hodi haisikiki. Windows ikichoka kungoja hujipa anwani inayoanza na 169.254. Anwani hiyo peke yake haithibitishi kosa la katizo, kwa sababu hata ruta mbovu huileta. Lakini ukiiona huku simu na kompyuta nyingine zinapata anwani sahihi kwenye ruta hiyohiyo, sasa unajua utafute ndani ya laptopu.

Kuna jaribio jingine rahisi. Unganisha simu yako kwa waya wa USB na uigawie laptopu intaneti kutoka kwenye simu. Njia hiyo hupita kwenye USB, haigusi kadi ya mtandao. Ikifanya kazi vizuri, basi mfumo kwa jumla uko salama, na shaka inabaki kwenye kadi, draiva yake, au hodi yake.

Hesabu hodi

Hapa ndipo ningependa kila fundi aanzie, kwa sababu hapagharimu hata shilingi. Kompyuta huhesabu makatizo. Kwenye Linux fungua dirisha la amri na uandike:

cat /proc/interrupts

Litatoka jedwali. Kushoto kabisa ni namba ya njia. Zinafuata safu za hesabu, moja kwa kila kiini cha prosesa. Kulia kabisa ni majina ya vifaa vinavyotumia njia hiyo, na kabla yake utaona kama njia ni ya MSI au ni ya zamani, iliyoandikwa IO-APIC. Tafuta jina la kadi yako. Za waifai mara nyingi huanza na wl au hubeba jina la draiva. Za kebo huanza na en au eth. Soma hesabu, fungua ukurasa wowote wa mtandao, kisha toa amri ileile tena.

Kama hesabu imepanda kwa mamia au maelfu, hodi zinasikika. Tatizo lako liko kwingine: mawimbi hafifu, ruta, mipangilio. Acha kuilaumu kadi.

Kama hesabu haikusogea hata moja huku taa inapepesa, hodi zinapotea.

Kama inapanda kwa kasi ya kutisha wakati hufanyi lolote, kuna aliyeshikilia kengele. Kuwa makini hapa, maana wingi peke yake si ugonjwa. Kebo ya gigabiti moja ikijaa mafungu ya kawaida ya data inaweza kuleta mafungu zaidi ya 80,000 kwa sekunde. Kadi nzuri haibishi kwa kila fungu. Hufanya kama konda wa daladala, hungoja abiria wajae kidogo ndipo agonge bodi dereva aondoke. Na mzigo ukizidi, draiva za Linux huziba kengele kwa muda na kwenda zenyewe kuchukua mafungu kwa mkupuo. Kwa hiyo pima wakati kompyuta imetulia.

Kama hesabu imesimama karibu na laki kamili, 100,001 au 300,002 na kadhalika, karibu hakika kengele imeng'olewa. Andika amri ya dmesg, inayofungua lile daftari la matukio, na utafute yale maneno ya "nobody cared".

Kwenye Windows hakuna jedwali rahisi kama hilo, lakini Task Manager ina mstari unaoitwa System interrupts. Wengi wameambiwa ni virusi na wakajaribu kuuzima. Haiwezekani kuuzima kwa sababu si programu. Ni kipimo tu cha muda ambao prosesa anatumia kuitikia hodi. Kompyuta ikiwa imetulia, huwa chini sana, asilimia moja au chini ya hapo. Ukiukuta unakula asilimia 20 na kuendelea, zima kadi ya mtandao kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, huku ukiutazama. Ukishuka papo hapo, umempata anayebonyeza. Usiposhuka, iwashe na uendelee na kifaa kingine: kamera, kadi ya sauti, kisoma kadi za kumbukumbu.

Dawa, kuanzia iliyo rahisi

Zima kompyuta kweli. Tangu Windows 8, kubonyeza Shut down kwa kawaida hakuzimi kila kitu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile ukiwasha, pamoja na draiva iliyokwisha kuchanganyikiwa. Chagua Restart, au shikilia Shift unapobonyeza Shut down, kisha uchomoe chaja, na betri kama inatoka, ungoje kidogo. Tatizo likiondoka na lisirudi kwa wiki, shukuru.

Kisha nenda kwenye Device Manager, ufungue kadi ya mtandao, na kwenye sehemu ya umeme uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa betri. Utapoteza dakika kadhaa za betri. Kwa watu wengi ambao mtandao unakufa baada ya laptopu kulala, hii ndiyo dawa.

Draiva ichukue kwa mtengenezaji wa laptopu au wa kadi. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mpigo mmoja, achana nazo.

Baada ya hapo ni BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye mazabodi inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, na hapa nitakaa kidogo. Mfumo endeshi haujui wenyewe nyaya za mazabodi zimepita wapi. Husoma jedwali lililoandikwa ndani ya BIOS linalosema kifaa fulani kiko kwenye njia fulani. Jedwali likikosewa, mama anangoja mlango wa mbele na mgeni anabisha wa nyuma. Kubadilisha kadi mara kumi hakutasaidia, na kufuta Windows hakutasaidia, kwa sababu kosa liko chini ya vyote viwili. Toleo jipya la BIOS huweza kulirekebisha. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, laptopu inaweza isiwake tena. Jaza betri, acha chaja imechomekwa, na kama mtaani kwenu kuna mgao, subiri saa ambayo umeme umetulia.

Kwenye Linux kuna majaribio ya kuwasha mara moja tu. Kwenye menyu ya kuwashia bonyeza herufi e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongeza pci=nomsi, kisha bonyeza Ctrl na X. Kompyuta itawaka kwa kutumia kengele ya zamani badala ya ujumbe. Kadi ikipona, umejua kosa liko kwenye MSI. Usiiache hivyo daima bila sababu, maana diski na vifaa vingine navyo vitarudishwa kwenye kengele ya pamoja. Kuna pia irqpoll, inayomlazimisha prosesa kuuliza vifaa vyote kila hodi inapokosa mwenyewe. Hilo ni gongo la kutembelea: linakusogeza, lakini mguu haujapona.

Hayo yote yakishindikana ndipo ufungue kifuniko. Itoe kadi kwenye nafasi yake, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ikae sawasawa. Kadi iliyolegea hutoa dalili hizihizi. Kadi mpya ni ya mwisho, baada ya kuwasha laptopu kwa fleshi yenye mfumo mwingine na kuona kwamba hata huko kadi haisikiki.

Laptopu ya mwalimu

Tuliifungulia mezani kwake. Jedwali lilionyesha njia namba 17 ikiwa na majina mawili: kadi ya waifai na kisoma kadi za kumbukumbu, kile kijitundu cha pembeni ambacho hajawahi kukitumia. Mwanzoni hesabu ilikuwa inapanda taratibu, elfu tatu, elfu nne. Tukafungua video, tukangoja. Dakika ya ishirini na kitu namba ikaruka ghafla, na tulipoisoma tena ilikuwa imesimama kwenye 200,001. Dmesg ikaandika kwamba njia namba 17 imefungwa. Waifai ikaanza kujikokota mbele ya macho yetu, alama yake imejaa vilevile.

Tukaingia kwenye BIOS, tukazima kisoma kadi, tukaiwasha upya. Kadi ya zamani, ile iliyosemekana imeungua, ilikuwa bado kwenye droo yake imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tukairudisha hiyohiyo. Jioni ile alisahihisha insha za kidato cha tatu huku redio ya mtandaoni ikiimba, na nilipoaga, njia namba 17 ilikuwa imeshapita 640,000 na bado inahesabu.